Fundi katuwekea nyota ya pembe sita juu ya mnara wa msikiti. Tuishushe au tuiache?

MjumbeAsiyelala (Tanga)

Asalaam alaykum wana jukwaa. Naombeni msaada wa kielimu, na mwenye hekima kidogo aniazime, manake huku mtaani kwetu tangu Ijumaa iliyopita hatulali.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya msikiti, msikiti mdogo tu wa mtaani, siutaji jina. Tumeukarabati, bati mpya, choo kipya, udhu mabomba manane badala ya matatu, na mnara mfupi ambao zamani ulikuwa kichwa wazi tukaona tuuvalishe mwezi juu kama misikiti mingine. Fundi wa kuchomelea akapewa kazi, akaleta mwezi mzuri tu wa flati ba umepigwa rangi ya dhahabu, na katikati ya mwezi kuna nyota. Ukapandishwa Alhamisi magharibi giza limeshaingia, hakuna aliyehesabu pembe. Ijumaa baada ya swala kijana mmoja kasimama uwanjani na simu yake kazoom, akapiga kelele "hii nyota ina pembe sita, hii ni nyota ya Mayahudi!" Basi hapo ndo ilipoharibika.

Sasa kuna makundi matatu. Vijana wanasema ishushwe leo leo. Mwenyekiti anasema iachwe, nani anatazama huko juu, mita kumi na kitu. Na mzee Athumani, huyu ni mkubwa wetu kwa umri, yeye anasema kishushwe chote nyota na mwezi wake, maana Mtume SAW hakuwa na mwezi juu ya msikiti na sisi si waabudu mwezi, na mpaka kishushwe yeye anaswali msikiti wa mtaa wa pili. Na kweli kaondoka, kabeba na mswala wake.

Kushusha si bure. Mirunda tulikodi, ikarudi, ikodiwe tena, na fundi anataka hela ya kupanda. Sanduku la Ijumaa ndo lilelile la kulipia luku. Nauliza: kuna dalili yoyote kwamba hii nyota ni haramu? Na mwezi wenyewe umetoka wapi?

Abu_Anas_Dar

Wa alaykum salaam. Akhi hapa hakuna cha kujadili. Mtume SAW amesema anayejifananisha na watu basi ni katika wao, imo kwa Abu Daud. Nyota ya pembe sita ipo kwenye bendera ya Israel, dunia nzima inajua, mtoto wa darasa la pili anajua. Sasa wewe unaiweka juu ya nyumba ya Allah halafu unauliza dalili? Shusheni. Pesa haiwezi kuwa kisingizio cha kuacha munkari juu ya msikiti.

Na mzee Athumani yuko sahihi pia kwenye mwezi. Msikiti wa Mtume ulikuwa matofali ya udongo, nguzo za mitende na makuti juu, mvua ikinyesha watu wanasujudu kwenye tope. Mwezi uko wapi hapo?

Mwalimu wa Historia

@Abu_Anas_Dar taratibu sheikh, tuanze na nyota.

Hiyo nyota ya pembe sita kabla haijawa bendera ya mtu yeyote ilikuwa pambo la kawaida kabisa kwa Waislamu, wakaiita muhuri wa Nabii Suleiman. Kwenye magofu ya kasri la Hisham karibu na Yeriko, jengo la wakati wa Bani Umayya, kuna dirisha la mawe la mviringo lenye nyota ya pembe sita, ndo pambo maarufu kuliko yote pale. Nenda Delhi, India, kaangalie kaburi la mfalme Humayun lililokamilika kama 1572, nyota za pembe sita zimewekwa kwenye ukuta wa mbele waziwazi, na waliojenga ni wafalme wa Kiislamu. Bendera ya Hayreddin Barbarossa, yule amiri wa majeshi ya baharini ya Waturuki aliyewasumbua Wazungu, ina upanga wa Dhulfikari na nyota ya pembe sita chini yake. Sarafu za shaba za Morocco za karne ya 19 zina nyota hiyohiyo, na bendera yao ya sasa yenye pembe tano imewekwa 1915 tu.

Kwa Mayahudi kuwa nembo ya wote ni jambo la juzi juzi kihistoria. Wazayuni waliichukua kwenye mkutano wao wa Basel 1897, halafu 1948 ikaingia kwenye bendera. Kwa hiyo kusema Humayun alijifananisha na Israel ni kumlaumu babu kwa kosa la kitukuu cha jirani.

Tena pembe tano nayo si kwamba imeteremshwa. Wanasema eti ni nguzo tano za Uislamu, ni maelezo mazuri ya kumwambia mtoto lakini yamekuja baada ya nyota. Bendera za Waturuki zamani zilikuwa na nyota za pembe nane. Azerbaijan mpaka leo nane, Malaysia kumi na nne. Mngekuwa na fundi Mmalaysia angewamaliza.

Abu_Anas_Dar

Mwalimu umeeleza vizuri lakini unakwepa. Hukumu ya alama inafuata watu wanaielewaje leo, haifuati walivyoielewa 1572. Leo ukimwonesha mtu yeyote Kariakoo hiyo nyota atakwambia nini? Hatakwambia Humayun.

Mwalimu wa Historia

Hapo nakubaliana na wewe, sibishi. Ndo maana sijasema iachwe. Nimesema isiitwe kufuru, na fundi asiitwe kibaraka, manake najua mitaa yetu, keshokutwa utasikia fundi kahongwa.

MjumbeAsiyelala

Mwalimu umejuaje 😂 tayari kuna mtu kasema fundi achunguzwe simu yake.

Kombo Grinda

Salaam. Mi si sheikh, mi ni fundi wa mageti na madirisha miaka 19 sasa, ila huyu fundi wenu namtetea.

Nyota ya pembe sita ndo rahisi kuliko zote kwa sisi wachomeleaji. Unachora duara sakafuni kwa chaki na kamba. Kamba ileile uliyochorea duara, bila kuipunguza wala kuiongeza, ukianza kuipimia pembeni mwa duara inagota mara sita kamili inarudi ulipoanzia, haibaki hata unywele. Unaunga alama moja kuruka moja unapata pembetatu, unaunga zile zingine unapata pembetatu ya pili, unalaza moja juu ya nyingine unapiga nukta sita za kuchomelea, kwisha. Dakika ishirini. Ya pembe tano mtihani, unatakiwa ugawe duara nyuzi 72 mara tano, ukikosea kidogo mguu mmoja unakuwa mrefu nyota inachechemea, na pale kwenye ncha unakata flati ba kwa mshazari mkali, diski zinaisha. Fundi asiye na protakta atakupa sita kila siku. Mi mwenyewe mageti mangapi nimeweka hizo, ya Waislamu na ya Wakristo, hakuna aliyehesabu.

Lingine ambalo hamjauliza. Huo mwezi ni chuma na ndo kitu kirefu kuliko vyote mtaani hapo, mmeuwekea waya wa radi mpaka ardhini? Na kama ni flati ba ya kawaida na uko Tanga na chumvi ile ya bahari, miaka mitatu kutu itashuka kwenye mnara mweupe michirizi kama chai. Mngeweka steinlesi.

MjumbeAsiyelala

Waya wa radi hatuna. Astaghfirullah hata hatukuwaza.

Bi Khole wa Ng'ambo (Unguja)

Yakhe mie nacheka peke yangu hapa. Nyie mnahangaika na Mayahudi, lakini ulizeni vizuri huyo mzee Athumani kinachomkera nini. Wazee wa pwani nyota hii hawaijui kwenye bendera, wanaijua kwenye hirizi! Babu yangu alikuwa na kitabu cha falaki, kuna ukurasa una zile khatamu saba, yaani mihuri, za Suleiman, mtu akiumwa au akitaka kinga ya nyumba inaandikwa kwa zafarani. Mzee wa miaka themanini akiona nyota imekaa juu ya msikiti anajiuliza nani kauzindika msikiti na kwa nini.

Na msidhani ya pembe tano itamtuliza. Mlemle kitabuni nimeona ya tano na nimeona ya sita, inategemea nani kanakili. Kwa hiyo mkibadilisha mkaweka tano mtatoka kwa Mayahudi mkaingia kwa mganga.

Mpita Njia_Mvita (Mombasa)

Bi Khole umenena kweli tupu. Hata huku kwetu ni hivyo.

Mimi nataka niseme habari ya misikiti yetu ya kale. Wazee wetu wa pwani misikiti yao mingi haikuwa na minara, achia mbali mwezi. Muadhini alikwea ngazi kwenye sakafu ya juu akaadhini basi. Michache tu ndiyo ina mnara, kama Mandhry hapa Mji wa Kale ambao wasema ni wa 1570, mnara wake mnene kama pia iliyosimamishwa. Lakini usidhani walikuwa hawapambi, walipamba ndani, kwenye kibla. Kizimkazi kule Unguja mna maandishi ya Kikufi yamechongwa kwenye jiwe la matumbawe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, na herufi zake zimetiwa maua. Na mji wa kale wa Gede, karibu na Malindi, walikuwa wakibandika mabakuli ya Kichina kwenye chokaa ya mihrabu. Mabakuli ya kulia chakula! Hakuna aliyesema hawa wamsujudia Mchina.

Mswahili Maskati

Mpita Njia umenikumbusha. Huku Oman nilipo misikiti ya zamani ya Kiibadhi hivyohivyo, kuta tupu za udongo, haina mnara, ina kijikuba kidogo tu juu ya ngazi ya kupandia, ukipita haraka utafikiri nyumba ya mtu. Marehemu baba alizaliwa Unguja akarudi huku, alikuwa anasema msikiti unaujua kwa viatu vilivyo mlangoni. Halafu 2001 ukafunguliwa Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, minara mitano, zulia moja tani 21. Watu walewale, madhehebu yaleyale. Pesa ikija nakshi inakuja.

Na bendera ya Masultani wa Zanzibar, mnakumbuka? Nyekundu tupu. Dola ya Kiislamu, haina mwezi wala nyota.

Ustadh Mstaafu

Bismillah. Nimesoma yote, nianze na swali la pili la ndugu mjumbe, mwezi umetoka wapi, halafu nirudi kwenye hukumu, mnisamehe kwa urefu naandika kwa simu na kidole kimoja.

Mwezi na nyota ni vya kale kuliko Uislamu. Mji wa Byzantium, ndo Istanbul ya leo, ulikuwa ukiweka mwezi na nyota kwenye sarafu zake kabla hata ya kuzaliwa Nabii Issa. Wafursi wa Kisasani nao hivyohivyo, na Waislamu walipoifungua nchi yao wakaendelea kutumia sarafu zao zikiwa na mwezi, nyota na sura ya mfalme pia, wakiongeza Bismillah tu pembeni, mpaka Abdulmalik bin Marwan mwaka 77 Hijria akatoa sarafu ya maandishi matupu. Waliotufikishia mwezi huu wa juu ya makuba ni Waturuki wa dola ya Uthmaniya, bendera yao yenye mwezi na nyota ya pembe tano ni ya 1844, na kwa sababu walikuwa dola kubwa ya Kiislamu na Wazungu wakiwaona wao ndo Uislamu wote, alama ikasambaa. Hata Hilali Nyekundu ilianza vita vya Waturuki na Warusi miaka ya 1877 hadi 1878, hawakutaka msalaba kwenye magari ya majeruhi wao. Basi mwezi ukawa ni kinyume cha msalaba, ndivyo ulivyokaa vichwani mwa watu.

Si lazima uwe mwezi. Msikiti wa Kutubia wa Marrakech, Morocco, juu ya mnara wake kuna matufe ya shaba yamepangwa, kubwa chini dogo juu. Djenne kule Mali, msikiti wa udongo, kwenye ncha za minara yake kuna mayai ya mbuni.

Sasa hukumu. Qur'an imeutaja mwezi mwandamo kuwa ni vipimo vya nyakati kwa watu na kwa Hija, Sura ya pili aya ya 189, na ikakataza kuusujudia, Sura ya 41 aya ya 37. Haukufanywa nembo wala haukuharamishwa kuchorwa. Ni pambo, basi tunauingiza kwenye mlango wa mapambo, na hapo ndo kuna maneno. Sayyidna Umar alipoamrisha kutengeneza msikiti wa Mtume alimwambia mjenzi wakinge watu na mvua, na jihadhari usipake nyekundu wala njano ukawafitini watu. Alipokuja Sayyidna Uthman akaujenga kwa mawe ya nakshi na chokaa na dari ya msaji, na wapo masahaba walioona uzito. Imam Nawawi, na sisi wa pwani ni Shafi, ameandika kwenye kitabu chake Majmuu kuwa kunakshi msikiti ni makuruhu, jambo lisilopendeza. Makuruhu, Abu Anas, hakusema haramu. Mahanafi wamelegeza zaidi, hawaoni ubaya ukipamba kwa mali yako, lakini msimamizi akichukua mali ya wakfu akapambia, analipa yeye mfukoni.

Mnaona fikra yao ilivyokuwa? Wameangalia mambo mawili, moyo wa anayeswali na mali ya msikiti. Mtume SAW aliswali na nguo ya Abu Jahm yenye michoro, akamaliza akairudisha, akasema imemshughulisha kwenye swala. Sasa nikuulize ndugu mjumbe, nyota iliyo mita kumi juu nje, inamshughulisha nani akiwa kasujudu? Nenda msikitini kwenu ndani ukaangalie ukuta wa kibla. Nina hakika mna ile saa ya taa nyekundu inayotembeza maandishi ZIMA SIMU YAKO.

MjumbeAsiyelala

Ustadh tunayo wallahi. Na inasema na joto la nje.

Ustadh Mstaafu

Basi. Nimewahi kujikuta kwenye rakaa ya tatu najiambia kumbe leo nyuzi 31.

Rai yangu, nyota iondoke, si kwa kuwa ni haramu, ila kwa kuwa imewagawa na mzee mzima kahama msikiti, na kuondoa fitina ni wajibu mkubwa kuliko kutunza chuma. Mwezi mkiuacha sawa, mkiuondoa sawa. Lakini usikodishe mirunda kwa hela ya luku. Subirini siku mtakayopanda kwa kazi nyingine. Na uliza hela ya kuuweka ilitoka wapi, hilo hujatuambia.

Abu_Anas_Dar

Nakubali kwenye nyota kuondoka. Kwenye mwezi bado niko na mzee Athumani. Allah akuhifadhi ustadh.

Mpita Njia_Mvita

Abu Anas, na minara ya Makka na Madina je? Yote ina miezi juu. Na ule mnara wa saa wa Makka una mwezi wa mita 23, watu waingia ndani yake.

Abu_Anas_Dar

Kitendo cha Saudia si dalili.

Bi Khole wa Ng'ambo

Leo! Leo ndo si dalili 😂😂

Kombo Grinda

Kuhusu kuondoa msiogope, haihitaji kushusha mwezi wote. Fundi anapanda na grinda ya inchi nne na half, anakata zile shikizo mbili za nyota, anasawazisha, anapiga praima na rangi. Nusu saa. Mkipanda kwa hilo pitisheni na waya wa radi hapohapo, mirunda ya mara moja kazi mbili. Waya wa shaba, na chini mchimbie nondo ya shaba penye unyevu, msije mkaufungia kwenye bomba la udhu mkawaua watu.

MjumbeAsiyelala

Narudi na mrejesho, samahani siku nne kimya, nilikuwa nakimbizana na watu.

Kwanza hela. Nimepekua daftari, hela ya mwezi haikutoka kwenye sanduku. Kuna mama mmoja jirani wa msikiti alitoa, sadaka ya marehemu mumewe, akaomba iwekwe alama juu mgeni anayeshuka kwenye daladala barabarani aone huku kuna msikiti, manake marehemu alikuwa akichoka kuelekeza watu. Nimemfuata nyumbani nikamweleza suala la nyota. Yule mama kashangaa, akaniambia "mwanangu mimi nimetoa hela ya mwezi, nyota sijaisema."

Nikaenda kwa fundi. Nikamuuliza kwa upole, nyota nani kakuagiza? Akajikuna kichwa akasema hakuna aliyeniagiza mjumbe, ila niliposimamisha mwezi peke yake hapa karakana niliuona mtupu, na vipande vya flati ba vilibaki, nikawaongezea bure.

Kamati imekaa jana. Nyota inakatwa tutakapopanda kupaka rangi kabla ya Ramadhani, fundi kakubali hatotoza kukata, waya wa radi tunachangishana pembeni wala sanduku haliguswi. Mwezi unabaki kwa ajili ya yule mama. Vijana wamekubali kwa shingo upande, yule mwenye simu ya kuzoom ndo kapewa kusimamia.

Mzee Athumani nilimpelekea habari mwenyewe. Hakusema kitu. Ila leo alasiri nimemwona kaingia na mswala wake kwapani, kasimama uwanjani, katia mkono juu ya macho akaangalia juu muda mrefu, halafu akaniita. Nikajua yameisha. Akaniuliza, "hivi mjumbe, ule mwezi mbona umelala upande wa baharini?"

Nimeangalia. Umelala kweli.